Kabla hujapandisha kiyoyozi darini

Swali: "Shikamoo fundi. Nyumba yangu iko Mabogini, nje kidogo ya Moshi mjini. Ina vyumba vitatu vya kulala, sebule iliyoungana na sehemu ya kulia chakula, jiko na korido, jumla kama mita za mraba 110. Bati ni la msauzi, rangi ya kijivu kizito, na dari ni la jipsam. Kuanzia Desemba hadi Machi hatulali, na madirisha tunayafunga kwa sababu ya mbu wa kwenye mpunga. Kaka yangu anaishi Texas. Kwao kiyoyozi ni kimoja cha nyumba nzima, mashine imefichwa darini, vyumbani unaona vigrili vya kutolea hewa tu. Nimependa hivyo. Fundi aliyekuja ameangalia nyumba dakika kumi akasema nahitaji BTU 60,000, zote ziende darini. Nimwambie aanze?"

Marahaba, mdogo wangu. Mwambie asubiri. Unachokitaka kinawezekana, lakini hizo BTU 60,000 (BTU ni kipimo cha joto ambalo mashine huliondoa kwa saa) zimekadiriwa kwa macho, na mahali alipochagua kuziweka ndipo penye joto kuliko pote nyumbani kwako. Nitakueleza ninavyoiona nyumba yako, ili ukikaa naye tena muongee kitu kimoja.

Anza na bati. Moshi tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na hata miezi mingine saa sita mchana halijasogea mbali sana. Nyumba ya huku inachomwa kichwani kuliko ubavuni. Bati jembamba la rangi nzito, lisilo na kitu chini yake, likipigwa na jua la mchana, hewa ya darini inavuka nyuzi 50. Kati ya joto hilo na kitanda chako pana ubao wa jipsam wa milimita 9 au 12, basi.

Nimepiga hesabu. Chukua darini nyuzi 50 na chumbani 25. Jipsam tupu inapitisha takriban wati 75 kwa kila mita ya mraba. Kwa mita za mraba 100 za dari ni wati 7,500, sawa na BTU 25,600 kwa saa. Maana yake, katika zile 60,000 ulizotajiwa, zaidi ya 25,000 zingekuwa za kupambana na bati lako kila mchana, na LUKU ndiyo ingelipa. Sasa tandaza juu ya jipsam sufi ya kioo yenye unene wa sentimita 10, ile ya njano inayowasha mwilini. Wati 75 zinashuka hadi 9 hivi. Dari zima linapitisha wati 900 badala ya 7,500. Sufi haina kompresa, haijazwi gesi, na umeme ukikatika inaendelea na kazi yake. Ndiyo maana nakuomba fedha ya kwanza utakayoitoa iende huko.

Kuitandaza kuna adabu yake. Sufi ikae juu ya jipsam bila mapengo, ijaze hadi pembeni kabisa juu ya ukuta, lakini isizibe upenyo wa hewa chini ya fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa. Taa zilizozama kwenye dari usizifunike. Zikikosa pa kutolea joto huungua, na nimeshaona jipsam imebadilika rangi kuzizunguka. Nyaya za umeme zinyanyuliwe zipite juu ya sufi. Fundi avae barakoa na nguo za mikono mirefu. Halafu fungua matundu ya hewa kwenye pembetatu za paa, pande zote mbili, uyawekee wavu wa chuma wa macho madogo, maana popo huko kwetu wanalijua kila tundu. Ukiwa na uwezo wa kuongeza foili inayong'aa, ipigiliwe chini ya papi (mbao zinazoshikilia bati) na uso unaong'aa uangalie chini, kwenye uwazi wa dari. Ikilazwa imeangalia juu, vumbi letu litaifunika kabla mwaka haujaisha na mng'ao wote utakuwa umekwenda.

Kuna jambo lingine la gharama ndogo. Tengenezesha fremu za wavu wa mbu kwenye madirisha yote ya vyumba. Usiku hewa baridi inateremka kutoka mlimani, hata Februari, na ninyi mnaifungia nje kwa sababu ya mbu wa mpunga. Nina wateja wawili waliokuja kwangu wakitaka viyoyozi. Wakaweka sufi, wakapaka bati rangi nyeupe, wakaweka nyavu, na mpaka leo wanalala na feni. Ningekuwa mwongo nikikuahidi nawe utaishia hapo, kwa sababu Mabogini iko chini na mchana wake ni mkali. Ungekuwa Kibosho au Marangu, ningekuambia uisahau mashine kabisa.

Sasa Texas. Nyumba ya kaka yako ilijengwa na kiyoyozi kikiwa kwenye ramani tangu mwanzo. Sufi ya darini kwao hufika karibu sentimita 30, na mabomba yale yale ya hewa, ambayo mafundi tunayaita dakti, hupitisha hewa ya moto wakati wa baridi. Hata hivyo mpango wa Energy Star wa serikali ya Marekani unasema kwamba katika nyumba ya kawaida ya huko asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita kwenye dakti hupotea njiani, kupitia viungo vilivyoachia na matundu. Wizara yao ya Nishati imekuwa ikiwahimiza wajenzi waziingize dakti ndani ya sehemu inayopozwa, zisipite kwenye dari la moto. Sisi tunaoanza leo hatuna sababu ya kulianza kosa wanalojitahidi kulitoka.

Fikiria kinachotokea. Hewa inatoka kwenye mashine ikiwa na nyuzi 14 hivi. Inaingia kwenye bomba la kukunjika lenye sufi ya sentimita 2.5, inasafiri mita nane ndani ya hewa ya nyuzi 50, kisha inafika chumbani imeshachoka. Kiungo kikiachia, unapoza popo. Na kwa kila lita ya hewa baridi inayovujia darini, nyumba inavuta lita nyingine ya moto kutoka nje kupitia chini ya milango na kwenye madirisha.

Kwa hiyo mpango wangu kwako ni korido. Nyumba nyingi za aina yako zina kuta za mita 3 hivi, na korido iko katikati, kila chumba kikifungulia mlango humo. Shusha dari la korido peke yake hadi mita 2.4. Utapata uwazi wa sentimita 60 kati ya jipsam mpya na ile ya zamani, na juu ya ile ya zamani sufi imeshalala. Mashine ya kufichwa ya BTU 24,000 ina kimo cha sentimita 25 hadi 30, itakaa humo vizuri, na dakti zake zitapita ndani ya nyumba, kwenye ubaridi. Hewa ikivuja kidogo inavujia kwenye korido yako. Vyumbani utaona kigrili kimoja ukutani, juu ya mlango, na jipsam ya vyumba haitatobolewa hata mara moja. Ndicho ulichokipenda kwa kaka yako, tena bila tanuri.

Tundu la kupitisha dakti ukutani lipite juu ya linta (mkanda wa zege ulio juu ya milango na madirisha), kwenye kozi za tofali zilizo kati ya linta na paa. Linta yenyewe isiguswe. Fundi akianza kuitafuta nondo kwa grenda, msimamishe.

Mashine ya ndani ina uzito wa kilo 30 hadi 40 na zaidi. Fremu za jipsam hazikutengenezwa kubeba mzigo huo. Ining'inizwe kwa fimbo nne za chuma zenye nyuzi, zishike kwenye vyuma vilivyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta wa korido, na katikati ziwekwe raba ili mtetemo usifike vitandani. Isikae mkabala na mlango wa chumba chako. Chini yake acha mlango wa kufungua wenye ukubwa kuliko mashine yenyewe. Huu mlango ndio mafundi wengi wanausahau. Mwaka wa pili koili, ile sehemu ya mashine inayopoza hewa, ikitaka kusafishwa wanakata jipsam kwa msumeno.

Kwa nini 24,000 na si 60,000? Kwa sababu vyumba vyako vitatu pamoja na korido nakadiria ni kama mita za mraba 50, na dari likishatandazwa sufi joto linalobaki ni la kuta za mashariki na magharibi, vioo, watu na vyombo vya umeme. Naliona likiwa kati ya kilowati 5 na 6. BTU 24,000 ni kilowati 7. Nimeacha nafasi kidogo kwa makusudi, kwani Moshi tuko kwenye mwinuko wa mita 800 hadi 900, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Feni ile ile, ikizunguka vile vile, inabeba ubaridi pungufu. (Wenzetu wa Arusha, kwenye mita 1,400, wahesabu asilimia 15.) Mashine kubwa kupita kiasi inakuumiza kwa namna nyingine: inafikia nyuzi ulizopanga kwa dakika chache, inazima, inawaka tena, na haipati muda wa kukausha unyevu. Chumba kinakuwa baridi lakini kizito, mashuka yanakuwa kama yameanuliwa kabla hayajakauka.

Sebule iache nje ya mfumo huu. Mnaitumia mchana na jioni, vyumba mnavitumia usiku. Ukiviunganisha utakuwa unapoza makochi usiku kucha. Iwekee kiyoyozi chake cha ukutani, BTU 18,000 zitatosha ukishaweka sufi na mapazia mazito upande wa magharibi.

Mashine ya 24,000 inasukuma karibu mita za ujazo 1,360 za hewa kwa saa. Chumba chako kikubwa kipewe 600, vile vingine viwili vigawane zilizobaki. Dakti ya chumba kikubwa iwe na kipenyo cha milimita 250, na za vidogo 200. Zikiwa nyembamba kuliko hapo utasikia mluzi usiku. Bomba la kukunjika livutwe linyooke kabisa na kukatwa kwa kipimo; likiachwa limejikunyata kama mkono wa shati, ukinzani unaongezeka mara kadhaa na hewa inakwama. Viungo vifungwe kwa gundi ya dakti au utepe wa foili. Selotepu ya kawaida na ule utepe wa kijivu wa kitambaa vinaachia baada ya msimu mmoja wa joto.

Jambo linaloharibu kazi nyingi kuliko yote ni njia ya hewa ya kurudi. Mashine haitengenezi hewa, inaizungusha: inayotoka kwenda vyumbani lazima irudi. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja hapa Moshi ambako mwenye nyumba alilalamika kwamba kiyoyozi kinanuka na hakipozi. Nilipopanda darini nikakuta fundi ameunganisha dakti za kwenda tu. Nyuma ya mashine pameachwa wazi. Miaka miwili mashine ilikuwa ikivuta hewa ya darini yenye nyuzi 50, pamoja na vumbi na kinyesi cha popo, na kuipuliza kwenye chumba alicholala mtoto mchanga. Koili ilikuwa imeganda tope. Siku ile nilikasirika, na hadi leo kitu cha kwanza ninachomuuliza fundi ni "hewa inarudia wapi?"

Kwako itarudi kupitia korido. Weka grili kubwa kwenye dari jipya la korido, isipungue sentimita 60 kwa 40, na filta ikae hapo hapo kwenye grili ili uitoe mwenyewe ukiwa umesimama kwenye stuli. Kwa vumbi la Mabogini wakati wa kiangazi ioshwe kila baada ya wiki mbili. Milango ya vyumba ikifungwa hewa inakosa pa kutokea, hivyo acha uwazi wa sentimita 2 hadi 3 chini ya kila mlango, au weka grili ya kupitisha hewa ukutani.

Nakusihi uzingatie hili pia: kama jiko lako lina mlango wa kuingilia koridoni na mnapika kwa mkaa, mlango huo ufungwe vizuri na mkaa upikiwe nje au kwenye jiko lenye dirisha wazi. Mashine inayovuta hewa koridoni itavuta na hewa ya sumu ya mkaa, isiyo na harufu, na kuipeleka kwa waliolala. Kwenye hili sina mjadala na mteja.

Maji. Siku za unyevu, kama masika yanapoanza, mashine ya ukubwa huu inaweza kukamua lita 2 hadi 3 za maji kwa saa kutoka kwenye hewa. Usiku mmoja wa saa 8 ni ndoo ya lita 20. Bomba la kuyatoa literemke angalau sentimita moja kwa kila mita, lisipande popote, lifungwe sufi ya raba lisitoe jasho. Chini ya mashine ligongwe beseni la bati la akiba, na ndani yake iwekwe swichi yenye boya, kama boya la tangi la maji, itakayozima mashine maji yakianza kujaa. Ni kifaa kidogo na mafundi hukiruka. Bila hicho habari za kuziba kwa bomba utazipata jipsam itakapokuangukia. Kabla dari la korido halijafungwa, mwagia lita tano za maji kwenye beseni la mashine mbele yako na uyaone yakitoka nje. Uyaelekeze kwenye migomba, ni maji safi kwa mmea.

Umeme. Muulize fundi wako kama alikueleza kwamba mashine nyingi za BTU 60,000 zinataka fezi tatu. Ya 24,000 inatosha kwenye fezi moja. Chagua ya inveta, yaani yenye kompresa inayobadilisha kasi: inaanza polepole, wakati kompresa ya zamani ikiwaka huvuta mkondo mara tano au zaidi ya kawaida yake na taa za nyumba nzima hufifia. Ipewe laini yake kutoka kwenye meni swichi, waya wa milimita 4 za mraba na breka ya ampea 20. Waya huo usizungushwe darini. Kwenye nyuzi 50 waya wa kawaida wa PVC hupoteza karibu asilimia 30 ya uwezo wake wa kubeba umeme. Weka kilinda volteji kinachochelewesha dakika 3 hadi 5 umeme unaporudi. Kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Kuhusu matumizi, mashine ikila wastani wa kilowati 1.3 kwa saa 8 ni uniti 10 kwa usiku, karibu 300 kwa mwezi. Zidisha kwa bei iliyo kwenye risiti yako ya LUKU uone kama mfuko unakubali.

Kwa gesi, kubali R32 au R410A, ya kwanza ikiwa na madhara madogo zaidi kwa tabianchi. R32 inaweza kushika moto ingawa kwa shida, kwa hiyo viungo vyake visifichwe mahali pasipofikika. Mashine ya mtumba ya R22 usiichukue hata ukipewa bure, maana gesi hiyo inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Na kaka yako asikutumie mashine kutoka Marekani. Umeme wao ni wa hezi 60, wetu 50.

Mashine ya nje ikae upande wa kaskazini au kusini wa nyumba, chini ya kivuli, na mbele yake pawe wazi mita moja na nusu au zaidi. Grili ya kuzuia wezi ni sawa ikiwa na macho makubwa. Siku ya kufunga, bomba za shaba zijazwe naitrojeni na ziachwe usiku kucha uone kama geji imeshuka, kisha zivutwe hewa kwa pampu si chini ya nusu saa. Anayetaka kusafisha bomba kwa kupuliza gesi kidogo nje anaharakisha kifo cha kompresa yako.

Panga hivi: sufi na nyavu za madirisha sasa, korido na mashine kati ya Juni na Agosti. Wakati wa baridi mafundi wanakuwa na nafasi, na utakuwa na muda wa kurekebisha kabla ya joto la Desemba. Kabla ya hapo pima vitu viwili: kimo cha korido kutoka sakafuni hadi kwenye jipsam, na upana wake ukutani kwa ukutani. Kimo kikipungua mita 2.8, au upana ukiwa chini ya mita 1.2, niandikie tena kabla hujanunua chochote. Hapo mashine italazimika kukaa darini, juu ya jukwaa la mbao lililobebwa na kuta, ikiwa na dakti za sufi ya sentimita 5, na nitataka kuiona picha ya kenchi zako kwanza.